Rafiki asiyemwacha mwenzake aitweje: neno "mwaminifu" linatosha?

Wino_Mkavu (mleta mada)

Habari zenu, wapenzi wa lugha. Naomba msaada wa neno, na naomba mnivumilie kwa maelezo marefu kidogo, kwa sababu bila maelezo hayo swali langu litaonekana dogo kuliko lilivyo.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu mama yangu mdogo, utakaosomwa siku ya kumkumbuka. Namwita mama mdogo ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Alikuwa rafiki wa mama yangu tangu wakiwa wasichana, na sisi watoto tulikua tukimwita hivyo bila kuuliza. Miaka mingi iliyopita mama alikuwa mtunza bohari katika ofisi moja. Ikatokea kwamba mali fulani haikuonekana, mama akasimamishwa kazi, na kwa miezi saba watu waliokuwa wakishinda kwetu wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Mama mdogo hakuhama upande. Kila jioni akitoka kazini alikuja, akavuta kigoda, akakaa nje barazani, si ndani, huku akipindia nguo au kushona vifungo, ili kila apitaye aone amekaa kwa nani. Ndani ya nyumba alimkemea mama vikali kwa kutotunza nakala za vocha, na mimi niliyasikia kwa masikio yangu. Nje ya nyumba hakuna aliyepata kusikia hata neno moja la lawama kutoka kinywani mwake. Mwishowe ilibainika kwamba kosa lilikuwa katika leja, na mama akarudishwa kazini.

Katika rasimu yangu niliandika: "Marehemu alikuwa mwanamke mwaminifu." Binamu yangu akaisoma, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani alikuwa akitunza fedha za watu?" Hakuuliza kwa ubishi, ndivyo neno lilivyomwingia. Hapo nikaona hatari ambayo sikuwa nimeiona. Mama atakuwa amekaa mstari wa mbele, na miongoni mwa watakaosikiliza wamo wanaokumbuka kisa cha bohari. Neno "mwaminifu", likitamkwa mbele ya watu hao, linaweza kumrudisha mama palepale ambapo marehemu alijitahidi kumtoa.

Nimejaribu "mtiifu", nikaona nimemfanya marehemu mtumishi wa mama. Nimejaribu "mwadilifu", nikajikuta nimerudi kwenye haki na hesabu. Nilipoandika "mwaminifu kwa mama yangu", sentensi ikasikika kama habari za ndoa. Je, Kiswahili hakina neno la mtu anayebaki upande wa mwenzake wakati kubaki kuna gharama, au ni mimi nisiyelijua?

Mzizi_wa_Neno

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu, na umfikishie mama pole zetu.

Kwanza nikuondolee hofu kwamba umelikosa neno kwa uzembe. Lugha yetu imeubebesha mzizi mmoja mzigo mkubwa mno. Kutoka katika mzizi huo, uliotufikia kupitia Kiarabu, tuna amini, imani, amani, amana, muumini, na hata ile amina tunayofungia sala ni ya ukoo huohuo. Uaminifu ni mtoto mmoja tu katika nyumba yenye watoto wengi, na amepewa kazi tatu kwa wakati mmoja: kutosema uongo, kutochukua cha mtu, na kutomwacha mtu. Ukisema "karani mwaminifu", msikilizaji anaona fedha. Ukisema "mke mwaminifu" au "mume mwaminifu", anaona kitanda. Ukisema "rafiki mwaminifu", anaona kile unachokitafuta, ila ni sharti neno "rafiki" litangulie. Uliandika "mwanamke mwaminifu" bila kumwambia msikilizaji ni mwaminifu katika lipi, na binamu yako akachagua maana iliyozoeleka zaidi, ambayo ni ya mali. Kosa si lake.

Kuna jambo moja katika neno hili ambalo hunishangaza kila nikilifikiria. Kiambishi -fu au -vu, kinapowekwa mwishoni mwa kitenzi, kwa kawaida humwelekea mtenda. Mtiifu ndiye anayetii, msikivu ndiye anayesikia, mvumilivu ndiye anayevumilia, mdanganyifu ndiye anayedanganya, msahaulifu ndiye anayesahau. Kwa mtindo huo mwaminifu angekuwa yule anayeamini. Lakini sivyo: mwaminifu ni yule anayeaminiwa. Anayeamini tumempa neno jingine, muumini, au tukamwita mwepesi wa kuamini ikiwa kuamini kwake kuna kasoro. Maana yake ni kwamba sifa hii haikutazamwa kutoka moyoni mwa mwenye nayo. Ilitazamwa kutoka upande wa yule aliyekabidhi kitu chake na akakikuta salama.

Ndiyo sababu nakushauri ulichungulie neno amana kabla hujalikimbia neno uaminifu. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa kwako, nawe huna ruhusa ya kukitumia wala kukipunguza, na siku mwenyewe akirudi unampa kama kilivyokuwa. Kinyume cha kuitunza amana ni hiana, na katika mzizi huohuo wa hiana ndimo lilimotoka neno haini, na uhaini ambao mahakama huutaja kwa mtu aliyeigeuka nchi yake. Kwa hiyo tangu mwanzo kutunza mali na kutomgeuka mtu vimekuwa katika mkoba mmoja, kwa sababu katika yote mawili kuna kitu kilichoachwa mikononi mwako.

Ukitazama hivyo, swali la binamu yako linajibika. Naam, marehemu alikuwa akitunza kitu cha mtu. Alikuwa akitunza jina la mama yako.

Karani_Mstaafu

Pole, mwanangu. Nimefanya kazi ya ukarani kwa muda mrefu, nimeandika na kusikiliza viapo vingi, na ningependa kuongeza neno juu ya utii, kwa sababu naona watu wengi wanaulinganisha na uaminifu kana kwamba ni vitu vya uzito mmoja.

Utii unahitaji amri. Pasipo anayeamuru hakuna wa kutii, na amri ikiisha utii nao umepumzika. Mtiifu hufanya alichoambiwa. Huyo mama yako mdogo hakuambiwa na mtu aje kukaa barazani, na nadhani kama angeambiwa asije angekuja vilevile. Hivyo ulifanya vizuri kuliondoa neno "mtiifu". Ninachokiona kinamkaribia zaidi ni kiapo, ingawa hakuapa kwa mdomo. Tunasema kula kiapo, na tunasema pia kula yamini. Neno hili yamini katika Kiarabu lina maana mbili, kiapo na mkono wa kulia, na anayeapa mpaka leo huunyanyua mkono huo. Zamani watu wawili wasiozaliwa pamoja waliweza kufanywa ndugu kwa kuchanjana chale na kuonjana damu, na lugha imelihifadhi jambo hilo katika usemi "ndugu wa kuchanjiana". Ukilitumia leo, wazee watakuelewa mara moja kwamba unazungumzia undugu uliochaguliwa na kufungwa, wala si ule wa kuzaliwa. Vijana wanaweza wasikuelewe, na hilo ulipime mwenyewe.

Jambo jingine. Hesabu majina tuliyonayo kwa mtu anayeacha wenzake: msaliti, haini, mnafiki, kigeugeu, kibaraka, ndumilakuwili. Hilo la mwisho ni jina la nyoka anayedhaniwa kuwa na vichwa viwili, mwenye kuuma huku na huku. Kuna na bendera ifuatayo upepo. Kisha hesabu majina ya anayebaki. Utayamaliza haraka. Sisemi kwamba watu wabaya ni wengi kuliko wema. Nasema kwamba aliyeumizwa ndiye hutafuta jina la kumwita aliyemuumiza, na aliyetunzwa huona jambo la kawaida limefanyika.

Kipaza_Sauti

Pole kwa msiba, ndugu. Mimi naona majibu yanakwenda mbali wakati neno lipo karibu. Tunasema kila siku "shabiki kindakindaki", "mwanachama kindakindaki". Kwa nini usiseme marehemu alikuwa rafiki kindakindaki wa mama? Kindakindaki ni mtu halisi, asiyechanganyika na kitu. Au useme "rafiki wa kutupwa".

Mzizi_wa_Neno

Ndugu Kipaza_Sauti, nia yako ni njema na neno kindakindaki lenyewe ni zuri, lakini naomba nilipinge kwa ajili ya shughuli hii. Maneno hayo yamekaa sana uwanjani na kwenye mikutano ya vyama, na kila neno hubeba vumbi la mahali linapokaa. Uwanjani kuna mnazi wa timu, shabiki lialia, shabiki wa kutupwa. Kwenye siasa kuna kada, mfurukutwa na mkereketwa, na hili la mkereketwa ni neno lililoundwa kwa ustadi kweli, maana kukereketa ni ile hali ya kooni inayomlazimisha mtu akohoe. Mkereketwa ni yule ambaye chama kimemkaa kooni, hawezi kunyamaza. Maneno yote haya yanasifu moto. Mleta mada hajatuambia habari za moto. Ametuambia habari za mwanamke aliyekaa kimya akipindia nguo.

Tena uaminifu wa namna hiyo ya uwanjani na ya mikutanoni haudai kwamba mtu aone kosa la upande wake, na mara nyingi humkataza asilione. Ukizidi kidogo tu, lugha hubadilisha jina: mkereketwa anakuwa mpambe, mpambe anakuwa chawa. Na akilipwa anakuwa mamluki, neno ambalo asili yake ni mtu anayemilikiwa, ndugu wa miliki na mamlaka. Marehemu aliona kosa la nakala za vocha, akalisema, na bado akabaki. Hakuna hata neno moja katika kundi hilo linaloweza kubeba mambo hayo mawili pamoja.

Wino_Mkavu

Asanteni sana, nimekwisha kupoa, na salamu zenu nimezifikisha. Mzee wangu Karani, shikamoo.

Hili la amana limenigusa, nitalitumia. Nina maswali mawili. La kwanza ni usemi wa "chanda na pete", ambao kila mtu aliyesikia kwamba naandika wasifu huu amenipendekezea. La pili ni methali. Wakati wa shida ile kuna jamaa zetu waliomwambia mama waziwazi kwamba "mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe", wakimaanisha kwamba rafiki naye angeondoka tu, asijipe matumaini. Ningependa kuitaja methali hiyo, kwa sababu marehemu aliishi akiikanusha, lakini naogopa kuonekana nawasuta ndugu mbele ya watu.

Ukindu

Pole, mwanangu. Nimesoma yote kwa makini na ningependa kukaa kidogo hapa, kwa sababu nadhani unatafuta nomino mahali ambapo Kiswahili kimeweka vitenzi.

Kwanza nimalize hayo mawili uliyouliza. "Chanda na pete" ni usemi wa ukaribu. Unasema kwamba watu wawili wanaonekana pamoja, wanapendezana, na mmoja humpamba mwenzake. Hausemi lolote kuhusu siku ya shida, na kila mwenye pete anajua kwamba huvuliwa. Hali kadhalika "ulimi na mate". Kama ungekuwa unaandika habari za usichana wao ningekuambia tumia, lakini kwa ile miezi saba ni mwepesi mno. Kuhusu methali, ninyi mmeila chungu yake, nanyi mna haki ya kuitaja. Itaje bila kusema ni nani aliyeisema, kisha uiache marehemu aijibu kwa matendo yake. Na kama utaona ni kali, ipo nyingine inayoelekea ulikokwenda: undugu ni kufaana, si kufanana.

Kulikuwa pia na neno ambalo wanawake wa umri wangu tungelitumia bila kufikiri mara mbili, nalo ni shoga, rafiki wa kike wa mwanamke mwenzake, mwenye kujua siri zake. Siku hizi maana nyingine imelitangulia masikioni mwa wengi, nami sikushauri ulisome mbele ya mkusanyiko. Inaniuma kulisema hili, maana lilikuwa neno la heshima. Badala yake lipo mwandani, ambalo limetoka katika ndani, yaani mtu uliyemwingiza ndani yako. Linamfaa aliyekemea ndani na kunyamaza nje.

Sasa vitenzi. Ndugu Karani amesema kweli kwamba majina ya mwenye kubaki ni machache. Lakini sikiliza jinsi watu wanavyomsifu mtu wa namna hiyo wanapozungumza bila kuandika. Hawasemi alikuwa nani. Wanasema hakufanya nini. "Hakunitupa." "Hakunigeuka." "Hakunipa kisogo." "Hakuniruka." Kila kimoja kina mahali pake, na ukiviweka ovyo vinapoteza nguvu. Kumtupa mtu ni kuacha kumjali, nako kunaweza kutokea polepole bila ugomvi. Kumgeuka ni kuwa upande wake jana na leo ukawa upande wa adui yake. Ni kali zaidi, na ndiko kunakokaribia usaliti. Kumpa kisogo ni kumwona na kujifanya hukumwona, na nadhani hicho ndicho walichofanya wale waliopita upande wa pili wa barabara. Kumruka ni kukana kwamba mlikuwa pamoja katika jambo fulani, na akikana kwa nguvu zote tunasema amemruka kimanga. Kumkana ni kukataa hata kwamba unamjua. Kumtosa kunatoka majini, ni kumzamisha mwenzako, na vijana wameupenda usemi huo pamoja na kuachwa kwenye mataa na kuachwa solemba, ambayo ni ya mazungumzo na hayafai katika wasifu. Kumchongea ni kumpelekea mkubwa wake maneno ili aumizwe, na katika kisa cha ofisi kama hicho nina hakika walikuwapo waliochongea.

Kwa hiyo usijisikie mnyonge kwamba huna neno moja. Kanusha kitenzi kinachostahili kukanushwa, nawe utakuwa umesema zaidi ya nomino. Jiulize: ni kipi hasa ambacho angeweza kukifanya, na watu wangemwelewa, lakini hakukifanya? Hicho ndicho cha kuandika.

Upande wa kukubali navyo vipo vitenzi viwili ninavyovipenda. Kimoja ni kumfaa mtu, kile kilicho katika "akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Cha pili ni kumsitiri. Kusitiri ni kufunika, na watu huanza kufikiria nguo, lakini mtu husitiriwa pia aibu yake, kosa lake, na jina lake lisishikwe ovyo. Kusitiri si kudanganya. Anayesitiri anajua kilichopo chini ya kifuniko, naye huenda amekisema kwa mhusika kwa ukali, kama mama yako mdogo alivyofanya. Ila hakubali kifunuliwe barabarani. Nilipokusoma ukisema kwamba nje hakuna aliyesikia neno, hicho ndicho kitenzi kilichonijia.

Jambo moja la mwisho, na hapa ni onyo. Utashawishika kuandika kwamba walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Ni usemi mzito na wa kweli, lakini siku zote husemwa na walio hai juu ya jambo ambalo bado halijatokea. Hapa limekwisha kutokea: mmoja amekufa na mwenziwe amemzika. Ukisoma maneno hayo huku mama amekaa mbele yako, hayatakuwa usemi tena.

Kipaza_Sauti

Nimeelimika, bibi. Naondoa pendekezo langu la kindakindaki. Lakini naomba kuuliza: kwa nini asiseme tu "alisimama naye"? Watu wote wanaelewa.

Ukindu

Wanaelewa, mwanangu, na sitamkosoa mtu akilisema, maana limekwisha kuenea. Tatizo langu ni la mahali hapa tu. Huyu mama hakusimama. Alikaa. Uzito wote wa alichokifanya uko katika kile kigoda, kwamba alikaa mahali ambapo angeweza kupita. Ukiandika "alisimama naye" umekifuta kigoda, ukaweka picha ambayo kila mtu anayo.

Karani_Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nakubaliana na Bi Ukindu katika yote isipokuwa moja. Naona kama anataka neno "mwaminifu" liondolewe kabisa, nami nadhani hapo tutakuwa tumewaachia wale wenye maneno. Mama alitiliwa shaka katika uaminifu wa mali, ikabainika hakuwa na kosa. Kwa nini tulifiche neno kana kwamba shaka ile bado ipo? Kulikwepa mbele ya watu wanaokumbuka nako ni kusema kitu.

Mzizi_wa_Neno

Hoja ya mzee ni nzito, na nadhani suluhisho halipo katika kuchagua neno, lipo katika kuliweka. Msikilizaji akilisikia "mwaminifu" mwanzoni, hana kitu kingine cha kulijazia ila kile alichokizoea, yaani fedha. Akilisikia mwishoni, baada ya kigoda na baraza na kukaa kimya, atalijazia hayo. Neno ni lilelile, lakini litakuwa limekwisha kufundishwa maana yake kabla ya kutamkwa. Usianze na sifa, ndugu yangu. Anza na jioni ya kwanza aliyokuja, na sifa uiache ije nyuma, mara moja tu. Na usiandike "mwaminifu kwa mama". Acha neno lisimame peke yake, maana hapo halitahitaji tena kuelezwa ni kwa nani.

Wino_Mkavu

Sina namna ya kuwashukuru ninyi nyote. Nimeiandika upya aya ile mara nne. Nimeondoa "mtiifu", "mwadilifu" na pete zote. "Ndugu wa kuchanjiana" nimelipenda lakini nimeliacha, kwa sababu hao wawili hawakuchanjana, na sikutaka kuwapa kiapo ambacho hawakukihitaji. Hii ndiyo aya kama ilivyo sasa:

"Husemwa kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mama mdogo hakuzaliwa nasi. Katika miezi saba ambayo wengi walimpa mama kisogo, yeye alikuja kila jioni akitoka kazini, akavuta kigoda, akakaa barazani mahali ambapo kila mpita njia alimwona, akipindia nguo za watoto wake na zetu. Aliyokuwa nayo ya kumwambia mama alimwambia ndani, mlango ukiwa umefungwa, nje alimsitiri. Hakumruka alipoulizwa juu yake, na hakumtupa wakati hapakuwa na aliyejua kama mambo yangeisha vizuri. Jina la mama lilikuwa amana mikononi mwake, na siku mama alipolihitaji alilikuta kama alivyoliacha. Alikuwa mwandani wake, na alikuwa mwaminifu."

Nilitaka nimsomee mama kwanza, ili asije akashtukizwa mbele ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale penye kigoda, akasema kigoda hicho bado kipo na kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Nimeliongeza hilo. Kisha akaniuliza kwa nini sikuandika kwamba walikuwa watu wa kufa na kuzikana. Nikamweleza aliyoyasema Bi Ukindu. Akafikiri, akasema nimefanya vyema kutoyaandika, kwa sababu maneno hayo atayasema yeye mwenyewe.